Mjomba, Kilti na Pumzi ya Wimbo Mmoja

"Kwani huyu mjomba wako akivaa suruali kama watu, atapungukiwa na nini?"

Swali hilo niliulizwa na mama muuza mahindi ya kuchoma pale Kamukuywa, huku akipepea makaa kwa kipande cha katoni, na jibu nililompa halikuniridhisha hata mimi. Mimi, ambaye nyinyi hunilaumu kwamba hata chai siinywi kabla ya kuuliza nani aliipika na kwa nini. Tangu nirudi kila mmoja wenu amenipigia akitaka kujua kilichotokea, na kila mmoja amekwisha kusikia kipande chake. Kuna aliyesikia kwamba mjomba alifukuzwa matangani, na kuna aliyesikia kwamba yeye na mwanawe walishikwa njiani wakatahiriwa kwa nguvu. Nimechoka kusimulia vipande. Haya, someni yote.

Kitale

Mjomba wangu Wanjala ni kaka mkubwa wa mama. Walizaliwa upande wa Mabanga, karibu na Bungoma, kabla babu hajahamia huku Kitale kutafuta shamba. Maisha yake yote ya kazi mjomba aliyamalizia Nairobi, katika bendi ya serikali, akipiga paipu. Kwa wale ambao hawajawahi kuiona karibu: ni mfuko wa ngozi unaobanwa kwapani, wenye mabomba matatu yanayolala begani na zumari moja mbele ya kuchezea vidole. Mpigaji hujaza mfuko kwa mdomo, kisha kiwiko kinasukuma. Ikianza kulia, ng'ombe wa jirani huacha kula.

Na anayeipiga huvaa kilti, vazi la kiume linalofanana na sketi. Ya mjomba ni ya sufu nzito, ya miraba ya kijani na bluu iliyokolea, marinda yamepangwa nyuma kama kurasa za kitabu kilichofungwa, mbele ni bapa. Kuna soksi za kufika magotini na kipochi cha manyoya kinachoning'inia mbele. Alipostaafu walimwachia seti nzima, naye akaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini ya kufukuza nondo.

Rafiki yake, Simiyu, alijiunga na bendi siku moja naye. Walistaafu pamoja, Simiyu akarudi Mabanga, mjomba akaja Kitale. Waliwekeana ahadi kwamba atakayetangulia, mwenzake atampigia kaburini, na atampigia akiwa amevaa kilti. Simiyu ndiye aliyetangulia. Mwili ungeletwa nyumbani Ijumaa, maziko Jumamosi.

Tatizo lilikuwa kifua. Tangu mvua ndefu mjomba amekuwa akikohoa, na daktari alimkataza kupuliza hata moto wa jikoni. Nilimkuta nyuma ya ghala Alhamisi, akijaribu. Alipiga kidogo, akaishiwa, akaketi juu ya gunia.

"Mjomba, hutaweza," nikamwambia.

"Pumzi ya wimbo mmoja ninayo," akasema. "Sihitaji ya wimbo wa pili. Simiyu hatafufuka aombe mwingine."

Mnanijua. Nilimwambia nilichokuwa nikikifikiria tangu utotoni, kwamba vazi lile lililetwa na maafisa wa wale wale walioichukua ardhi ya Trans-Nzoia, na yeye analima mahindi juu ya shamba lililokuwa la mlowezi huku amekunja nguo ya mlowezi sandukuni. Haoni ajabu? Mjomba alitazama miguu yake.

"Na hizi gambuti pia nivue?"

Dereva wetu alikuwa Brayo, mwanawe, binamu yangu, anayeuza mitumba sokoni Kitale. Brayo naye, ili mambo yawe magumu zaidi, huvaa kilti. Siyo ya baba yake. Yake ni nyeusi, ya kitambaa kizito cha suruali za kazi, ina mifuko mikubwa ubavuni na vifungo vya chuma, na huivaa na buti na fulana. Aliiona kwenye simu, akampelekea fundi nyuma ya soko, fundi akaikata bila kuuliza chochote. Anasema inampa hewa, tena inamletea wateja: watu huja kumwangalia, wakiondoka wamenunua shati.

"Hiyo si kilti," mjomba alimwambia asubuhi ile ya Ijumaa tulipokuwa tukipakia pikapu. "Hiyo ni aproni ya mekanika."

"Mzee, yako haina hata mfuko wa simu."

"Nina kipochi."

"Kipochi cha mbuzi, bana."

"Marinda yako wapi? Mwanamume huvaa marinda."

Sentensi hiyo niliiandika kwenye simu papo hapo ili nisiisahau. Tukaondoka hivyo, mimi katikati, magoti ya mjomba kushoto kwangu na magoti ya Brayo kulia. Mjomba alikuwa ametandika gazeti kwenye kiti ili marinda yasichafuke. Alitaka kuwa Mabanga kabla ya mwili kufika, aupokee amevaa kamili. Kwa njia ya Webuye hiyo ni safari ya asubuhi moja, na tulikuwa tumepanga kula chakula cha mchana na wafiwa.

Kamukuywa

Mbele ya Kamukuywa lori la miwa lilikuwa limelala kwa ubavu, barabara imefunikwa, na watu wa vijiji vyote vya jirani wamekuja kuisaidia miwa kupata makao. Askari wa barabarani akatuambia tungoje. Brayo alipoegesha kando, gurudumu likachomwa na kitu, likashuka taratibu kama mtu anayepiga magoti kusali.

Tukatoka wote. Na hapa lazima niwakumbushe ilikuwa Agosti ya aina gani. Kwetu Wabukusu wavulana hutahiriwa mwaka mmoja, unaofuata unarukwa, na Agosti hiyo ilikuwa ya mwaka wenyewe. Barabara zote zilikuwa na vijana wenye njuga na filimbi wakipita kualika jamaa. Na aliyekwisha kukatwa, mpaka apone, havai suruali. Hujifunga leso au shuka kiunoni. Kwa hiyo mwezi huo, kuanzia Kiminini hadi mpakani, mwanamume aliyevaa kitu kama sketi ana maana moja tu, na kila mtu anaijua.

Mama muuza mahindi alimwona mjomba amesimama kando ya pikapu, wima, soksi zimevutwa. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Alichukua kigoda chake mwenyewe, akamletea.

"Pole baba," akasema kwa sauti ya chini. "Kinaendelea aje?"

"Nini?"

"Kidonda."

Mjomba alikipokea kigoda. "Mama," akasema, "changu kilipona kabla wewe hujazaliwa."

Lakini vijana wa bodaboda walikuwa wamekwisha kukusanyika.

"Ati huyu mzee alijificha mpaka akatoa mvi."

"Wamemshikia wapi?"

"Si hapo Kitale. Huko wanajificha wengi."

"Heri amekuja mwenyewe. Ungemwona akikimbizwa na hizo soksi?"

Ndipo Brayo akatokea upande wa pili na jeki mkononi, kilti yake nyeusi, mifuko imejaa spana. Kisha mmoja akasema polepole, kama mtu anayesoma tangazo la ajabu ukutani:

"Baba na mtoto. Siku moja."

"Kisu kimoja."

"Sasa nani alimshikia mwenzake?"

Waliokuwa wamebeba miwa waliiweka chini ili wacheke vizuri. Ndugu zangu, mimi pia nilicheka, nikageukia pikapu nisionekane. Mjomba alikaa kwenye kigoda alicholetewa, akavuka mguu, akaomba mahindi mawili. Brayo hakustahimili. Alimaliza kubana nati, akaingia nyuma ya pikapu chini ya turubai, akatoka na suruali ya jinzi.

"Ni joto," akaniambia.

"Asubuhi ulisema inakupa hewa."

"Nekesa, wachana na mimi."

Ni wakati huo mama yule aliponiuliza lile swali, akinikabidhi mahindi yangu. Nilimweleza habari za bendi, ahadi, rafiki aliyekufa. Alisikiliza yote. "Sasa," akasema, "si rafiki yake atasikia tu hiyo muziki? Hataona miguu." Na ndivyo nilivyokuwa nikifikiri mimi pia. Sauti ni sauti. Nguo ni nguo.

Barabara haikufunguka. Askari akashauri tuzunguke kwa Kimilili na Chwele. Mjomba alitazama jua, akatikisa kichwa. Mwili ungefika Mabanga bila yeye.

Kimilili hadi Chwele

Sitawachosha na mashimo. Kimilili tulisimama kuongeza maji kwenye rejeta, tukala ugali wa wimbi na mrenda kwenye hoteli yenye meza mbili. Mjomba alijifunga gazeti la pili shingoni na la tatu mapajani, kwa maana mrenda unateleza unakotaka, na doa lake kwenye sufu halitoki. Mhudumu alimzunguka mara kadhaa kabla ya kuthubutu.

"Mzee, wewe ni wa kanisa gani?"

"La kawaida."

"Na wote huvaa hivyo?"

"Hapana. Wengine wako na dhambi."

Alianza kunifurahisha, huyu mzee. Kila nikimchokoza na historia, ananirudishia kitu kidogo kinachonisumbua. Nilimwambia njiani kwamba hata huko kilti ilikotoka wengi wao wanavaa suruali, wanaitoa siku za arusi. Akasema, "Basi wako kama sisi na leso." Nikamwambia leso nayo si ya Wabukusu, ilitoka pwani na wafanyabiashara. Akasema, "Na nani huko Bungoma amewahi kuirudisha?"

Chwele ilikuwa siku ya soko. Ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani wakihama kutoka kwa mwenye nyumba mmoja kwenda kwa mwingine, bodaboda zimebeba kuku kichwa chini, vitunguu vimemwagwa hadi kwenye lami. Tukakwama. Na nyuma ya ng'ombe wakaja wavulana na njuga zao, wamepakwa unga, na kundi kubwa la watu wakiimba na kuruka, filimbi zikilia bila kupumua.

Kiongozi wa wimbo, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, alimwona mjomba dirishani, akaona mabomba ya paipu yamelala mapajani. Akanyamazisha kundi lote kwa mkono mmoja.

"Mzee, hiyo mnyama ni ya kupigwa?"

"Ni ya kupigwa."

"Tupigie. Hawa watoto wanaenda kwa khocha, kwa mjomba wao, wape nguvu."

Watu wakaanza kupiga makofi. Kusema kweli, nilitamani apige. Ingekuwa jambo la maana: zile njuga na lile paipu, katikati ya soko la Chwele, na picha yangu ingependwa na watu wengi. Mjomba alifungua mlango, akashuka. Akawatazama wale wavulana mmoja mmoja. Wakati huo hakuna aliyemcheka, nadhani kwa sababu yeye hakuwa akitafuta ruhusa.

"Simameni imara," akawaambia. "Nami kesho nitasimama. Lakini siwezi kuwapigia. Pumzi niliyo nayo ina mwenyewe."

Kiongozi alimtazama, kisha akaniangalia mimi. "Amefiwa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi mpisheni," akasema, na ng'ombe, wavulana, vitunguu, vyote vikasogea. Sijawahi kuona soko likitii hivyo.

Bungoma

Tulifika Bungoma mjini jioni, mwili umekwisha kupokewa Mabanga, na mjomba hakutaka kufika akiwa amekunjamana. Tukapata lojing karibu na stendi, mwenyewe ni mama mwenye sauti ya kwaya anayemwita kila mtu "mwanangu", hata mjomba aliyemzidi umri. Aliposikia kuna kilti ya kupigwa pasi alileta pasi ya makaa, akiamini ya umeme haina adabu. Mjomba hakumwachia. Alitandika blanketi mezani, akalilaza kila rinda juu ya mwenzake, akaweka kitambaa kibichi, akakandamiza. Chumba kikanuka kondoo.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mzee Khaemba, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye sasa ndiye mwenye neno katika boma lile, tena mzee wa kanisa. Mjomba aliweka spika kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini.

"Wanjala, nasikia uko Bungoma."

"Niko."

"Nasikia ulipita Kamukuywa." Habari hutembea kwa kasi kuliko pikapu yetu. "Sasa sikiliza. Karibu sana. Chakula iko, kiti iko. Lakini hiyo sketi, hapana."

"Khaemba, Simiyu alikwambia."

"Simiyu aliniambia mambo mingi. Wajukuu wake wako na kidonda, walipashwa tohara juma hili tu, kabla atuache. Tumewatoa boma, kwa sababu mwenye kidonda hasogelei kaburi. Watu wanaangalia. Mtu akisimama pale na sketi, wamama wataanza kupiga nduru. Na pasta amesema kivyake. Kuja na suruali, upige. Tutashukuru."

Simu ikakatika. Mjomba aliendelea kupiga pasi.

Nikaona hapa ndipo nitasaidia. Nikamweleza kwa upole, kwa hoja zilizopangwa, kwamba alichoahidi hasa ni muziki, na vazi ni pambo la muziki. Kwamba mtu mwenye akili hutofautisha kiini na ganda. Kwamba akikataa suruali atarudi Kitale na pumzi yake kifuani, na Simiyu atafukiwa kimya. Nilisema vizuri. Mama wa lojing aliitikia "kweli kabisa" mara mbili.

"Siku yako ya chuo," mjomba akauliza, "ulivaa lile joho jeusi?"

"Nililikodi."

"Wangekwambia uvae gauni la nyumbani, cheti ni kilekile, ungekubali?"

Nilikumbuka nilivyogombana na mwenye duka kwa sababu kofia yangu haikuwa na kishada.

Brayo, aliyekuwa amelala kitandani na jinzi yake, akageukia ukuta. "Mzee," akasema, "mimi ningekuwa wewe ningevaa suruali." Kisha akaongeza: "Lakini mimi si wewe."

Mabanga

Asubuhi mjomba alivaa kilti.

Boma la Simiyu lilikuwa na mahema, viti vya plastiki, spika zilizofungwa kwenye mti, masufuria makubwa nyuma ya nyumba. Mzee Khaemba alikuwa langoni, koti la suti, kofia, fimbo, kama aliyekuwa akitungoja sisi tu. Ni mtu mrefu, mwembamba, uso usioeleza kitu. Alimtazama mjomba kuanzia viatu.

"Wanjala. Umekuja na magoti."

"Nimekuja nayo."

"Nilikwambia."

"Nilisikia."

Nyuma yake wanawake wawili walikuwa wamekwisha kufunika midomo. Mzee mmoja alianza kusema kwa sauti, "Mtoe huyo kabla…" Khaemba akamnyamazisha kwa fimbo bila kugeuka.

Nikashindwa kuvumilia. "Mzee," nikasema, "heshima yako. Lakini hata suruali hiyo uliyovaa ilikuja na wageni. Babu zetu walikuwa wakijifunga ngozi. Sasa ni nani aliyeamua kwamba nguo ya mgeni huyu ni halali na ya mgeni yule ni aibu?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ni wa nani?"

"Wa dada yake Wanjala."

"Wa chuo kikuu."

"Ndiyo."

"Umekuja kuzika ama kuuliza?"

"Vyote viwili."

"Zika kwanza," akasema. Kisha akamgeukia mjomba, akanyoosha fimbo kuelekea shamba la mahindi lililokuwa kando ya boma, na ng'ambo yake, paa la bati lililochakaa. "Kama ni lazima hiyo sketi, nenda kule kwa wenye sketi wenzako. Hao vijana wanaopona wako huko. Ukae nao, upigie huko."

Watu wakacheka. Damu ilinipanda hadi masikioni. Mzee aliyepigia marais, aliyetoka Kitale kwa kuzunguka nusu ya kaunti, anaambiwa akakae na watoto ng'ambo ya shamba kama mbuzi aliyekula unga. Nilimshika mjomba mkono nikamwambia turudi.

Hakusogea. "Kule kwa Nasambu?" akamwuliza Khaemba.

"Nasambu alikufa zamani. Lakini boma ni lile lile."

Walitazamana. Mimi niliona wazee wawili wakaidi, basi. Mjomba akaitwaa paipu yake, akaiweka begani, akaingia kwenye njia ya mahindi. Mahindi yalikuwa marefu. Tuliona mabomba matatu yakielea juu ya vichwa vya mahindi, halafu hatukuyaona.

Brayo alibaki langoni. Kwa jinzi yake angeingia bila kuulizwa na mtu. Alitazama mahema, akatazama njia ya mahindi, akatukana kwa Kisheng kitu nisichoweza kuandika hapa. Akarudi kwenye pikapu, chini ya turubai. Alipotoka alikuwa na kilti yake nyeusi, na akapita mbele ya wanawake wale wawili bila kuharakisha.

"Na huyu pia?" mmoja akasema.

"Ni familia," mwenzake akajibu.

Mimi nisingeweza kuwafuata. Wanawake hawaendi wanakopona vijana, na hata mimi najua wapi maswali yangu huishia. Niliingia, nikakaa kiti cha nyuma. Hotuba zilikuwa ndefu. Kila aliyeshika kipaza sauti aliahidi kuwa mfupi. Pasta alihubiri, mjane alisaidiwa kusimama, msafara ukaenda kaburini kwenye ukingo wa shamba. Nilisimama upande wa mahindi. Jeneza likaanza kushuka, wenye kamba wakiambiana polepole, polepole.

Hapo ndipo ilipoanza.

Kwanza ule mlio mmoja mnene, kama ng'ombe mkubwa anayeamka. Halafu zumari juu yake. Nimeisikia paipu ya mjomba maisha yangu yote, nyuma ya ghala, na siku zote niliona ina kelele. Sikuwa nimewahi kuisikia kutoka mbali. Ile si ala ya kusimama nayo kando ya shimo. Ingetufanya tuzibe masikio. Ilivuka mahindi, ikapoteza ukali wake njiani, ikatufikia imekuwa wimbo. Watu waliokuwa wameinamia kaburi wakainua vichwa. Waliokuwa mahemani wakasimama. Mmoja baada ya mwingine wakageuka, mpaka kijiji kizima kikawa kimelipa kaburi mgongo na kuelekea kule.

Palikuwa na pengo kati ya mistari ya mahindi, na nilipojisogeza niliwaona. Mjomba amesimama mbele ya nyumba ile ya bati chakavu, wima, mashavu yamejaa, marinda yanacheza na upepo. Brayo kando yake, mkono mmoja mgongoni mwa baba yake. Na pande zote mbili, wamesimama kwa uangalifu, wajukuu wa Simiyu na leso zao za maua kiunoni. Wote wamevaa sketi. Na hakuna mtu, kati ya wote waliokuwa wakitazama, aliyecheka.

Niliogopa mwisho. Nilihesabu pumzi zake kana kwamba ni zangu. Sauti ilitetereka mahali fulani katikati, ikazama, nikadhani basi, kisha kiwiko kikasukuma na wimbo ukapanda tena, ukafika, ukakata. Mlio mnene ukabaki peke yake kidogo, ukashuka, ukaisha.

Mjane alisema, kwa sauti ya kawaida tu, "Amefika."

Nilimwangalia Mzee Khaemba. Alikuwa amevua kofia. Aliishikilia kifuani mpaka udongo wa kwanza ulipoanguka, kisha akaivaa na kuanza kuwaharakisha watu wa majembe.

Kurudi

Njia ya Webuye ilikuwa imefunguliwa. Tulirudi na kuku wa kuchemsha ndani ya sufuria ndogo, tuliyofungiwa jikoni kwa wafiwa, na Mzee Khaemba mwenyewe ndiye aliyeileta hadi pikapu. Hakumwambia mjomba lolote. Alimwambia Brayo, "Hiyo yako haina marinda," akaondoka. Mjomba alicheka mpaka akakohoa, na akakohoa mpaka Kamukuywa. Mama wa mahindi alitupungia mkono.

Nilikuwa bado na hasira na Khaemba. Nilisema hivyo. Nilisema alimdhalilisha mbele ya watu, na kwamba ikiwa mambo yaligeuka mazuri, hiyo ilikuwa bahati, wala si heshima yake. Mjomba alikuwa akikunja soksi.

"Wimbo uliusikia wote?" akauliza.

"Wote."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, Mjomba."

"Basi," akasema, akalala.

Hapo ndipo nilipoishia nilipowaandikia wengine wenu mara ya kwanza, na hasira zangu zote zikiwemo. Nimeziacha zilivyo. Lakini mahindi yale yamekwisha kuvunwa na mengine kupandwa, na juzi nilikuwa na mama, tunachambua maharagwe, nikamtajia lile boma la bati ng'ambo ya shamba. Akashangaa kwamba sikujua. Nasambu alikuwa nyanya yake Simiyu. Mjomba na Simiyu walitahiriwa asubuhi moja, na hapo kwa Nasambu ndipo walipoponea. Ilikuwa miaka ya taabu, na leso ilikuwa moja tu. Mmoja akijifunga atoke kuota jua, mwenzake alibaki ndani akingoja zamu. Na kaka aliyekuwa akiwaletea uji kila asubuhi, kisha akisimama mlangoni na fimbo ili mtu yeyote asipite kuwacheka, alikuwa Khaemba.